Waya Puani mwa Gari: Mwongozo wa Kufunga Hita ya Injini kwa Wabishi wa Baridi

Ndugu msomaji uliyehamia Winnipeg, Edmonton, Saskatoon au Fargo, mwongozo huu ni wako. Umeendesha daladala Mbagala, matatu Eastleigh, au lori la mizigo kutoka Mombasa hadi Kigali, na hakuna wa kukufundisha kushika usukani. Hilo tunalikubali. Tatizo ni kwamba baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haisomi leseni wala haiulizi mtu alianza udereva lini. Asubuhi ya Januari utazungusha ufunguo, injini itaguna kama mzee aliyeamshwa usingizi wa mchana, kisha kimya. Wakati huohuo jirani asiyejua hata kubadilisha tairi atawasha gari lake na kukupita ukiwa umeinua boneti. Yeye alichomeka, wewe ulibisha.

Tazama magari yaliyoegeshwa katika miji hiyo. Mengi yana waya mfupi wenye plagi ya pini tatu unaochungulia kwenye grili ya mbele. Waya ule hauchaji betri, na si pambo. Unapeleka umeme kwenye hita ndogo iliyozama ndani ya maji yanayopoza injini, ili injini isilale ikaganda. Kuifunga ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye spana, subira na masikio. Wenye spana tunao wengi. Kwa hiyo nguvu ya mwongozo huu nimeielekeza kwenye subira na masikio.

Kwanza, tuwamalize wabishi

Mbishi wa kwanza husema, "Gari langu ni zima, halihitaji kubembelezwa." Gari zima nalo lina oili, na oili huwa nzito kadiri baridi inavyoongezeka. Herufi W kwenye kopo la oili inahusu baridi: oili ya 20W hupimwa kama inaruhusu stata kuzungusha injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W kwenye 25, 5W kwenye 30, na 0W kwenye 35. Sasa yule aliyezoea 20W-50 huko nyumbani, akaimimina pia Manitoba, ameijaza injini lami. Na betri inayotakiwa kuizungusha lami hiyo nayo imedhoofika: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hupoteza karibu nusu ya nguvu zake au zaidi. Petroli haigeuki mvuke kwa urahisi kwenye chuma baridi. Dizeli ina shida zaidi, kwa sababu injini yake haina cheche; hutegemea joto la hewa iliyobanwa, na chuma baridi hulinyonya joto hilo kabla halijafanya kazi.

Mbishi wa pili hutaka kuliacha gari likiunguruma usiku kucha. Huyo anachoma mafuta kwa saa nyingi, anachafua oili kwa petroli isiyoungua, na akifanya hivyo ndani ya gereji iliyofungwa anaweza kuua familia yake. Moshi wa eksosi una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hapa hakuna mzaha wowote.

Mbishi wa tatu hubeba birika la maji yanayochemka na kuimwagia injini. Chuma kilichoganda kikipigwa na maji ya moto kinaweza kupasuka, na maji yaleyale yataganda dakika chache baadaye juu ya mikanda na nyaya. Birika ni la chai. Lirudishe jikoni.

Kabla ya hita za umeme, watu wa nchi za baridi walihangaika kweli. Marubani wa kaskazini walikuwa wakimwaga oili ya injini jioni, wakiiweka karibu na jiko, na kuirudisha asubuhi ikiwa na uvuguvugu. Aliyewapumzisha wenye magari ni Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, meneja wa ushirika wa umeme, aliyepata hataza ya hita yake mwaka 1949. Hita hiyo ilikaa mahali pa bolti mojawapo ya silinda hedi. Ukiwa na shaka kwamba mtu mwenye akili anaweza kulichomeka gari ukutani, mwenzetu huyo alikuwa amelimaliza suala hilo kabla ya Tanganyika kupata uhuru.

Hatua ya 1: Piga magoti uchungulie

Usinunue kitu kabla hujatazama. Magari mengi yanayouzwa katika majimbo ya Kanada yenye baridi kali hutoka yakiwa tayari na hita, ila waya umekunjwa nyuma ya bampa au haujawekwa kabisa. Washa tochi, tazama nyuma ya grili, kisha kando ya injini. Soma kitabu cha gari. Mtu anayetoboa na kugonga injini ili afunge hita ya pili, na huku ya kwanza imo ndani inamsubiri, hana wa kumlaumu.

Hatua ya 2: Nunua hita ya injini yako

Zipo aina kuu tatu za umeme. Ya kwanza, na iliyo bora kwa magari madogo, huingia kwenye bloku yenyewe, mahali pa kizibo cha bati. Nyingi zina nguvu ya wati 400 hadi 1,000. Ya pili hufungwa katikati ya mpira wa chini wa rejeta: unakata mpira, unaingiza hita, unakaza klipu. Ni rahisi kufunga, lakini joto lake huanzia mbali kidogo na silinda. Ya tatu ni tangi dogo linalokaa nje ya injini na kuunganishwa kwa mipira miwili. Lazima likae chini, mlango wa kutolea maji ya moto ukiwa juu ya mlango wa kuingizia, kwa sababu nyingi hazina pampu. Maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi kushuka kuchukua nafasi. Ukilipindua, utakuwa umechemsha tangi na kuiacha injini na baridi yake.

Kuna pia hita za kuchoma mafuta, kama zile za Webasto na Eberspächer za Ujerumani. Hizo huchota petroli au dizeli ya gari, huichoma kwenye chumba kidogo na kuyasukuma maji kwa pampu, bila kuhitaji soketi. Zinafaa malori na watu wasio na umeme wanapoegesha. Zinatoa moshi, zinakula betri, na kuzifunga ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Mwongozo huu hauzigusi.

Nunua kwa namba ya injini, wala usinunue kwa kukadiria tundu kwa kidole. Na usikubali zawadi kutoka kwa binamu wa Oslo au Helsinki. Norway wana DEFA na Sweden wana Calix, na zote ni hita nzuri, lakini za kwao ni za volti 230. Ukiichomeka hita hiyo Kanada kwenye volti 120 itatoa takriban robo tu ya joto lake. Ukimpelekea binamu hita ya volti 120, kwao itavuta zaidi ya mara tatu na nusu ya nguvu iliyoandikwa na kuungua papo hapo. Mpigie simu, msalimiane, kila mtu anunue ya kwao.

Hatua ya 3: Injini ipoe, maji yatoke

Fanya kazi hii Septemba, kabla theluji haijaanza. Gari liwe limelala usiku mzima. Anayefungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto anajimwagia maji yanayochemka usoni, na hiyo si ajali, ni haraka. Likae kwenye stendi imara ukitaka kuingia chini. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia.

Weka beseni, fungua koki ya rejeta, na kama bloku ina bolti ya kutolea maji, ifungue pia. Kulanti, dawa inayochanganywa na maji hayo, mara nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, kemikali yenye utamu unaovutia mbwa, paka na watoto, na kiasi kidogo kinaweza kuua. Usiliache beseni barazani ukaenda kunywa chai. Usiimwage kwenye mtaro. Itie kwenye galoni lenye mfuniko na uipeleke kwenye kituo kinachopokea oili na kulanti chakavu.

Hatua ya 4: Toa kizibo

Ubavuni mwa bloku utaona visahani vya bati vya mviringo. Matundu yale yalibaki wakati bloku ilipomiminwa kiwandani. Ndimo mchanga wa kalibu ulimotolewa, kisha yakazibwa. Kitabu cha hita kitakuambia kizibo kipi ndicho chako. Usichague kilicho rahisi kufikika. Nyuma ya tundu jingine ukuta wa silinda uko karibu mno, na hita ikiugusa itaungua.

Weka patasi butu au pini kwenye ukingo mmoja wa kizibo na ugonge kwa nyundo hadi kigeuke kiubavu. Kikamate kwa plaizi, kivute nje. Kisitumbukie ndani. Maji yaliyobaki yatakurukia mkononi, na hili ni la kawaida. Kisha safisha tundu kwa kitambaa na msasa laini mpaka ukingo ung'ae. Kutu ya unene wa kucha inatosha kuvujisha maji msimu mzima, kwa hiyo hapa usione haya kurudia mara tatu.

Hatua ya 5: Pachika hita

Paka mpira wa hita mafuta yaliyotajwa kwenye maelekezo. Ingiza hita, elekeza koili upande ulioonyeshwa kwenye mchoro, kisha izungushe taratibu kulia na kushoto. Ikigusa chuma utahisi; irudishe hadi iwe huru. Ndipo ukaze skrubu ya kati kwa kipimo kilichoandikwa. Fundi anayekaza kwa hasira hukata skrubu au hubana mpira ukapasuka. Misuli haina kazi hapa; chukua spana ya kupimia na uisome.

Ikiwa kizibo kiko nyuma ya eksosi, au bloku ni ya aluminiamu na mkono wako haujawahi kufanya kazi hiyo, mpe fundi mwenye karakana. Kulipa saa mbili za fundi ni nafuu kuliko kununua injini.

Hatua ya 6: Rudisha maji, fukuza hewa

Hapa ndipo wabishi wengi hukwama. Wanaamini kwamba kulanti ikiwa nyingi zaidi, kinga huwa kubwa zaidi, kwa hiyo wanamimina kulanti tupu bila maji. Sikiliza: ethilini glaikoli tupu huganda kwenye takriban nyuzi 13 chini ya sifuri. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Pale Winnipeg, aliyejaza kulanti tupu amenunua barafu kwa bei ya juu.

Soma kopo, kwa sababu jingine linauzwa likiwa limeshachanganywa. Kama halijachanganywa, tumia maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri. Na si maji makali ya betri, ambayo ni asidi. Chagua kulanti iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Rangi si kipimo: ya kijani ya kampuni moja na ya kijani ya nyingine zinaweza kuwa za aina tofauti kabisa.

Jaza, washa injini, fungulia hita ya ndani ya gari hadi mwisho, na uongeze maji kadiri mapovu yanavyotoka. Kama gari lina skrubu ya kutolea hewa, itumie. Acha injini ifikie joto lake la kazi, kagua kama tundu linavuja, izime, ipoe, kisha ukague kiwango cha maji tena.

Kanuni kuu ya mwongozo huu ni hii, na ukiyasahau mengine ishike hii peke yake: maji kwanza, umeme mwisho. Hita ya injini hujipoza kwa maji yanayoizunguka. Ukiichomeka ikiwa kavu, au ikiwa imezingirwa na povu la hewa, huungua kwa sekunde chache. Kuijaribu kwa kuichomeka mezani "tuone kama inafanya kazi" ni kuihukumu kifo. Itafanya kazi kweli, mara moja.

Hatua ya 7: Tembeza waya

Waya upite mbali na eksosi, feni, mikanda na kitu chochote kinachozunguka. Ufunge kwa tai za plastiki kila baada ya kiganja au viwili, ukiuachia ulegevu kidogo kwa sababu injini hutikisika. Plagi itokeze mbele, mahali unapofikia ukiwa umevaa glovu nene, na iwe na kifuniko cha kuzuia chumvi ya barabarani. Anayeificha chini ya bampa kwa ajili ya urembo atapiga magoti kwenye theluji kila jioni mpaka Aprili.

Hatua ya 8: Pima, kisha chomeka

Kabla ya umeme, chukua mita. Kwenye volti 120, hita ya wati 400 inatakiwa kusoma takriban omu 36 kati ya pini mbili bapa. Ya wati 600, omu 24. Ya wati 1,000, omu 14 na kidogo. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili au waya umekatika. Pima pia kati ya pini ya ethi na bloku: lazima viungane. Kati ya pini bapa na bloku kusiwe na muungano wowote. Anayevunja pini ya tatu ili plagi iingie kwenye soketi ya zamani amelifanya bodi zima la gari liwe tayari kumrusha mtu.

Waya wa kuunganishia nao uwe wa nje, wa pini tatu, na mnene: namba 14 au 12 kwa vipimo vya Amerika Kaskazini, ambako namba ndogo ndiyo waya mnene. Hita ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 8 kwa saa kadhaa. Ule waya mwembamba wa taa za sebuleni utapata moto na kuyeyuka. Gamba lake liwe la kustahimili baridi, la sivyo litakakamaa na kupasuka.

Hatua ya 9: Itumie kwa akili

Kuchomeka saa moja jioni hadi saa moja asubuhi ni kuilipia kampuni ya umeme bila sababu. Saa mbili hadi nne kabla ya safari zinatosha. Hita ya wati 600 ikikaa saa 10 hula yuniti 6. Ikikaa saa tatu hula yuniti 1.8 tu. Nunua taima ya nje inayobeba mzigo huo, itege iwake alfajiri, ulale. Baadhi ya maegesho ya maghorofa na maofisi hukata na kurudisha umeme kwa zamu ili kupunguza gharama, kwa hiyo usione soketi kimya ukaanza kupigana na mlinzi.

Jioni, pitisha waya juu ya kioo cha pembeni upande wa dereva kabla ya kuuchomeka. Asubuhi hutaweza kuingia bila kuugusa. Asiyefanya hivyo, siku moja ataondoka na soketi ya mwenye nyumba ikimfuata barabarani.

Kila Oktoba, pima omu tena na ukague waya. Na badilisha oili. Hita haisamehe 20W-50.

Kwa mliobaki nyumbani

Nanyi msicheke sana. Hata asubuhi ya Julai kule Limuru au Njombe gari halihitaji kifaa hiki, hiyo ni kweli. Lakini jenereta kubwa za akiba za hospitali na vituo vya data huwa na hita ileile ndani ya maji yake, hata katika nchi za joto, kwa sababu umeme ukikatika injini hiyo inatakiwa kubeba mzigo ndani ya sekunde chache, bila muda wa kupasha moto. Anayeichomoa hita ya jenereta ili kuokoa yuniti anabahatisha maisha ya mgonjwa aliyeko chumba cha upasuaji. Mafundi wa zamu, iacheni iwake.

Nanyi wa Winnipeg na Edmonton, mkishafunga zenu, mtafuteni mgeni aliyefika mwaka huu kutoka Nyarugusu, Kakuma au Bukavu, aliyenunua gari lake la kwanza na kuliegesha bila kujua. Mfungulieni boneti, mwonyesheni pa kuchomeka, mwelewesheni kuhusu oili na maji. Fanyeni hivyo kabla ya Novemba, wakati vidole bado vinashika spana.